Dawa Mbili Katika Mwili Mmoja

Ninakunywa dawa mbili. Asubuhi baada ya chai ninameza fluoksetini, dawa ya sonona. Asubuhi hiyohiyo, na tena kabla ya kulala, ninameza kabamazepini, ambayo watu wengi hapa Tunduru wanaijua kwa jina moja tu: dawa ya kifafa. Sina kifafa. Nina ugonjwa unaofanya hisia za mtu zipande kupita kiasi kwa majuma kadhaa, kisha zishuke kupita kiasi kwa miezi. Madaktari wanauita bipola. Kabamazepini huutuliza ubongo wa mwenye kifafa asianguke, na kwa baadhi yetu dawa hiyohiyo huzizuia hisia zisiruke juu na kuporomoka.

Naandika haya nikijua kwamba washarika wangu watayasoma. Nimekuwa mchungaji wa KKKT kwa miaka 15, na katika kutembelea wagonjwa nimeona kwamba wengi wanaokunywa dawa kama zangu wanazinywa kwa kujificha. Mmoja huzificha ndani ya kopo la majani ya chai. Mwingine mume wake hajui. Siri ya namna hiyo ni mzigo kwa roho, lakini hata mwilini ina hatari yake, kwa sababu dawa mbili zinaweza kukaa salama katika mwili mmoja pale tu ambapo kuna mtu anayezijua zote mbili.

Mimi si daktari. Nitakayoyasema ni yale niliyoelezwa kliniki na yale yaliyonipata. Dozi zangu sizitaji kwa makusudi, maana najua yupo atakayekata ukurasa huu aende nao dukani.

Sonona ilinianza mwaka wa pili tangu nihamie huku. Watu hudhani sonona ni huzuni. Huzuni naijua, nimezika watu wengi na nimelia nao. Hii ilikuwa kitu kingine. Nilikuwa naamka saa tisa ya usiku, nimelowa jasho, nangoja kuche, na kukicha natamani usiku urudi. Nilikuwa nafungua Zaburi nasoma mstari mmoja mara nne bila kuuelewa. Kwenye mazishi maneno yote nilikuwa nayo, lakini yalitoka kinywani mwangu kama yanasemwa na mtu mwingine aliyesimama nyuma yangu. Niliomba. Sikuwahi kuacha kuomba. Ila ilikuwa kama kupiga simu sehemu isiyo na mtandao.

Siku zile nilirudi mara nyingi kwenye 1 Wafalme 19, pale Eliya alipolala chini ya mretemu akiomba afe. Chuoni tulifundishwa kuikimbilia ile sauti ndogo ya utulivu inayokuja baadaye. Mimi nilikwama mwanzoni mwa sura. Malaika hakumhubiria Eliya wala hakumkemea kwa kukosa imani. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale, kisha akampa tena. Mwili wake ulihudumiwa kwanza. Basi nikaenda hospitali.

Nilipewa amitriptilini, dawa ya zamani ya sonona ambayo humezwa usiku. Siku chache tu usingizi ulirudi, na baada ya majuma matatu hivi moyo nao ulianza kuamka. Nikamshukuru Mungu. Juma la tano moyo ukapita pale ulipotakiwa kusimama.

Nililala saa mbili tu kwa usiku na kuamka na nguvu za kijana. Nilihubiri muda wa saa mbili na nusu, na watu walilia. Mzee mmoja alisema Tunduru haijawahi kuona uamsho wa namna hii. Nilichora ramani ya zahanati, ya shule ya chekechea na ya kituo cha redio, katika usharika ambao sadaka yake ilikuwa haitoshi kumlipa mwinjilisti. Nasema hivi ili mjue jinsi ugonjwa huu unavyoweza kuvaa kanzu ya kanisa. Sijawahi kusifiwa mimbarani kama nilivyosifiwa siku nilizokuwa mgonjwa kuliko siku zote.

Aliyejua ni mke wangu. Aliniambia, "Mchungaji, Roho Mtakatifu hawezi kukufanya uwagombeze watoto saa nane ya usiku." Akampigia simu kaka yake, wakanipakia kwenye basi la Songea. Ni safari ya zaidi ya kilomita 250, na wanasema nilihubiri ndani ya basi mpaka Namtumbo, hadi abiria mmoja akalipa aketi mbele na dereva.

Daktari wa Songea alimwuliza mke wangu maswali mengi kuliko aliyoniuliza mimi. Alitaka kujua kama hali ya kupanda hivi iliwahi kunitokea kabla. Mke wangu akakumbuka mwaka wangu wa mwisho chuoni, nilipokesha usiku tatu nikiandika, nikacheka peke yangu, kisha nikashuka kwa miezi miwili. Wakati ule tulisema ni uchovu wa masomo. Daktari akatueleza kwamba kwa mtu wa namna hii, dawa ya sonona ikitolewa peke yake inaweza kumwinua kutoka shimoni na kumrusha juu ya paa. Inahitaji kuwekwa dawa nyingine ya msingi inayoshikilia pande zote mbili. Amitriptilini ikapunguzwa na hatimaye ikaachwa. Kabamazepini ikaanzishwa kidogo kidogo.

Alitupa maonyo mawili siku ile, na namshukuru kwamba aliyarudia mpaka mke wangu akayasema kwa kinywa chake. La kwanza: katika majuma na miezi ya mwanzo, nikiona upele unatokea mwilini, au malengelenge, au vidonda mdomoni pamoja na homa, nisingoje tarehe ya kliniki, niende hospitali siku hiyohiyo. La pili: nisiache dawa ghafla, hata nikijisikia nimepona kabisa, kwa sababu dawa za kundi hili zikikatwa mara moja zinaweza kuleta degedege.

Mwaka uliofuata, mvua zilipoanza, sonona ilirudi. Safari hii daktari aliongeza fluoksetini juu ya kabamazepini, na hapo ndipo nilipojifunza kwamba dawa mbili si jumla ya moja na moja.

Muuguzi wa kliniki alitueleza kwa mfano ambao sijausahau. Ini la mtu, alisema, ni kama mashine ya kukoboa mpunga pale sokoni. Kila dawa unayomeza inapita mle, inasagwa, kisha inatolewa nje. Kabamazepini inapokuwa mwilini huiongezea mashine kasi. Dawa nyingine zikipita hapo zinasagwa na kutolewa kabla hazijamaliza kazi. Kwa hiyo mtu anayekunywa amitriptilini pamoja na kabamazepini anaweza kuona kana kwamba amitriptilini yake imekuwa maji. Fluoksetini, kwa upande wake, huipunguzia mashine kasi. Kabamazepini, iliyokuwa inatoka vizuri, inaanza kurundikana kama magunia mlangoni, na mtu anakuwa na dawa nyingi mwilini ingawa hajaongeza hata kidonge kimoja. Dawa zenyewe ni nzuri, ila kila moja inagusa njia ya mwenzake. Ndiyo maana daktari hubadilisha moja tu kwa wakati, huanza na kiasi kidogo, na hupima damu.

Nilimwuliza kwa nini damu. Akasema dawa hizi mbili, kila moja kwa njia yake, zinaweza kushusha chumvi ya damu, na zikiwa pamoja uwezekano unaongezeka, hasa kwa wazee na kwa wale wanaokunywa dawa za presha za kukojoza. Mtu huanza kuumwa kichwa, kulegea, kuchanganyikiwa. Mzee akichanganyikiwa nyumbani kwetu tunasema ni uzee, au tunasema amerogwa. Kumbe wakati mwingine ni chumvi.

Jumapili ya tatu tangu nianze fluoksetini, nikiwa madhabahuni, mistari ya kitabu cha liturujia iligawanyika. Kila mstari ukawa miwili, mmoja juu ya mwingine. Nilifumba jicho moja, mistari ikarudi mahali pake, na hivyo ndivyo nilivyosoma somo la Injili. Niliposhuka ngazi nilipepesuka na kushika kiti cha mzee wa kanisa. Ilikuwa msimu wa mabibo. Wanaoishi Tunduru wanajua maana yake: korosho zinavunwa, mabibo yanakamuliwa, na uraka unanyweka kila mtaa. Kabla ya jua kuzama habari ilikuwa imefika mbali kwamba Mchungaji alipanda madhabahuni amelewa.

Mke wangu hakushughulika na habari hiyo. Alifungua daftari. Tangu Songea alikuwa na daftari la kawaida la shule, ambamo aliandika kila dawa niliyomeza, saa niliyomeza, na lolote jipya aliloliona kwangu. Akahesabu siku: fluoksetini ilikuwa na siku 18. Akakumbuka muuguzi alivyosema, kuona vitu viwiliviwili, kizunguzungu, kupepesuka, kichefuchefu, hizo ndizo dalili za magunia kurundikana mlangoni. Jumatatu asubuhi alipiga simu kliniki. Daktari akaagiza kabamazepini ipunguzwe, akatuita kupima damu. Baada ya siku kumi hivi mstari ulikuwa mmoja tena. Kliniki hakuna aliyetuambia tuache dawa, na sisi hatukuacha.

Kuhusu uraka, nilisema kanisani Jumapili iliyofuata kwamba sikunywa, kwamba ilikuwa dawa. Hapo ndipo habari ya pili ilipozaliwa. Mtu mmoja aliwahi kuliona boksi langu, akauliza kwa jirani anayeuguza, akaambiwa hiyo ni ya kifafa. Sasa Mchungaji alikuwa na kifafa.

Wazee wa kanisa walinijia nyumbani kwa heshima sana. Walitaka nikanushe. Walisema mtu mwenye kifafa hawezi kushika kikombe cha Bwana mbele za watu, wengine wanaogopa kuambukizwa. Niliwaambia kifafa hakiambukizi, si kwa mate wala kwa kikombe wala kwa kumshika aliyeanguka. Nikawaambia pia kwamba sitakanusha kwa namna waliyoitaka, kwa sababu katika usharika ule ule kulikuwa na kijana mwenye kifafa, na nikisimama mimbarani kuapa kwamba mimi si kama yeye, nitakuwa nimemtoa nje ya kanisa kwa kinywa changu.

Kijana yule nilikutana naye kwenye benchi la kliniki. Alikuwa na mama yake. Yule mama aliponiona alisimama kunisalimia, kisha akatazama mlango wa chumba tulichokuwa tunasubiri kuingia, akanitazama tena. "Baba Mchungaji, na wewe?" Nikasema, "Na mimi, mama." Akakaa. Baada ya muda akaniomba nimwonyeshe vidonge vyangu, akatoa na vya mwanawe, tukaviweka kiganjani. Vilikuwa vya namna moja. Alicheka, halafu machozi yakamtoka. Akaniambia jambo ambalo hakuwahi kuniambia ofisini kwangu: kwamba mwaka uliopita mhubiri mmoja mgeni, katika mkutano wa nje, aliwataka wagonjwa watupe dawa zao kama ushuhuda wa imani. Mwanawe akatupa. Siku ya tatu degedege ilianza na haikukata. Ilimshika, ikamwachia bila fahamu kumrudia, ikamshika tena. Alipona kwa sababu majirani Waislamu walimbeba usiku hadi hospitali. "Nikaogopa kukuambia," alisema, "nikidhani nawe utaniambia nimekosa imani."

Nimeyatafakari maneno hayo mara nyingi. Yule baba katika Marko 9, ambaye mwanawe alikuwa akianguka motoni na majini, hakuja kwa Yesu na imani iliyokamilika. Alikuja na nusu, akaiomba nusu nyingine, na Bwana hakumrudisha nyumbani akaitafute kwanza. Wengi wetu tunamwomba mgonjwa kile ambacho Bwana mwenyewe hakumwomba baba yule.

Na kama tunatafuta mfano wa sala na dawa kukaa pamoja, upo katika Isaya 38. Hezekia alikuwa mgonjwa karibu ya kufa. Aliomba, akalia, Mungu akasikia, akamwongezea miaka 15. Ahadi ilikuwa imeshatoka kinywani mwa Bwana. Hata hivyo nabii aliagiza tini zitwaliwe, zikawekwe juu ya jipu. Sijui Mkristo gani wa leo angemwambia Isaya kwamba tini zile zilikuwa upungufu wa imani. Luther naye, mwaka 1527, tauni ilipoingia Wittenberg, alimwandikia mchungaji mwenzake Johann Hess barua juu ya swali la kukimbia au kubaki. Aliwaonya wale wanaodharau dawa na kujianika kwenye hatari kisha wakasema wanamtumaini Mungu. Kwake huko kulikuwa kumjaribu Mungu. Luther mwenyewe aliyajua majaribu ya moyo mzito. Alipowashauri wengine wenye hali hiyo aliwaambia wasikae peke yao, wale, wacheke, watafute watu.

Kanisa letu lina historia katika jambo hili kuliko tunavyokumbuka. Lutindi, katika milima ya Usambara, ilianza mwaka 1896 kama makao ya watoto waliokombolewa utumwani, na mwanzoni mwa karne ya 20 ikawa mahali pa kuwatunza wagonjwa wa akili. Leo ni hospitali ya Dayosisi ya Kaskazini Mashariki. Mashemasi waliohudumu huko miaka ile walitoka Bethel, Ujerumani, na Bethel yenyewe ilianzishwa mwaka 1867 kwa ajili ya watu wenye kifafa. Kwa hiyo kifafa na maradhi ya akili vimeketi kwenye benchi moja la Kilutheri kwa zaidi ya miaka 100, kabla yangu mimi na yule mama. Na si sisi tu. Kule Mahenge, daktari kutoka Norway, Louise Jilek-Aall, alianzisha mwaka 1960 kliniki ya kifafa akitumia vidonge vya fenobabitali, katikati ya watu waliokuwa wametengwa na ndugu zao. Fenobabitali nayo, nimeambiwa, inaiongezea kasi ile mashine ya mpunga.

Nirudi kwenye daftari, kwa sababu ndilo limenifundisha kuliko vitabu. Kwanza tuliandika dawa zangu mbili tu. Kisha nikapata malaria, kama kila mtu wa huku. Mganga wa zamu alikuwa ameshaanza kuandika mseto, mke wangu akamfungulia daftari, kalamu ikasimama. Kabamazepini inaweza kuusaga mseto haraka mno, ukapungua nguvu katika damu. Akawasiliana na mwenzake, akapanga namna ya kunitibu na kunipima tena, wala hakunitoa tu na karatasi. Tangu siku hiyo kila kinachoingia kinywani kwangu kama dawa kinaandikwa: panado, dawa ya minyoo, hata mizizi aliyoniletea shangazi yangu kwa upendo.

Mwaka jana nikaumwa mgongo baada ya safari ndefu ya pikipiki. Nilikwenda duka la dawa muhimu. Huenda wengi hawajui kwamba maduka haya, ambayo sasa yapo sehemu nyingi za nchi, yalianzia mkoa wetu wa Ruvuma mwaka 2003, wauzaji wakifundishwa na kupewa orodha ya dawa wanazoruhusiwa kuuza. Nilitaja jina la dawa ambayo rafiki alinisifia, tramadoli. Binti aliyekuwa kaunta aliniuliza, "Baba, kuna dawa nyingine unayotumia?" Nikamtajia. Akasema haiuzi, na hata kama angekuwa nayo asingenipa, niende hospitali. Daktari alithibitisha: tramadoli pamoja na fluoksetini inaweza kumletea mtu kutetemeka, joto kali, moyo kwenda mbio na kuchanganyikiwa, na tena inaongeza hatari ya degedege. Swali la yule binti lilichukua sekunde tatu.

Pombe nayo haina nafasi hapa. Uraka juu ya dawa hizi unamlaza mtu usingizi usio wa kawaida, na anayekunywa sana kisha akaacha ghafla anaalika degedege. Kikombe kidogo cha Meza ya Bwana nilikiulizia, na daktari wangu hakukizuia.

Kuna mambo ambayo akina mama wanapaswa kuyajua na hawaambiwi, kwa sababu tunaona aibu kuyasema kanisani. Kabamazepini inapunguza nguvu ya vidonge na vijiti vya uzazi wa mpango. Dada anaweza kushika mimba akidhani yuko salama. Na dawa nyingine ya jamii hii, valproeti, inaweza kumdhuru mtoto tumboni, uti wa mgongo na akili yake, hivyo msichana au mwanamke anayeweza kuzaa lazima azungumze na daktari kabla ya kuanza, si baada ya mimba. Aliyekwisha kuianza asiiache peke yake kwa hofu, aende akaulize.

Lakini ninaowafikiria zaidi ni ndugu zetu wenye siri mbili. Mtu ana kadi ya kliniki ya ARV anayoificha upande mmoja wa kabati, na kadi ya afya ya akili anayoificha upande mwingine. Kliniki hii haijui habari za ile. Kumbe kabamazepini inaweza kushusha nguvu ya dolutegraviri, iliyomo katika kidonge ambacho watu wengi wa ARV wanakunywa sasa, na daktari akijua ana namna ya kurekebisha. Hali kadhalika dawa za kifua kikuu. Mtu huyu ni mwaminifu, anameza kila siku, hakosi hata siku moja, na bado anadhoofika. Anadhani Mungu amemwacha.

Sasa katika usharika wetu tumekubaliana mambo machache. Kwenye maombi ya wagonjwa hakuna anayeleta dawa mbele ili aziache. Anayetaka kufunga na kuomba, kama yuko kwenye dawa, anazungumza kwanza na mganga wake. Jirani yangu mmoja Mwislamu alifanya hivyo kabla ya Ramadhani, akapangiwa kumeza wakati wa futari na wakati wa daku, na mwezi ukaisha salama. Na mtu akija kwangu kuombewa, nikishamsikiliza namwuliza anakunywa dawa gani. Mwanzoni watu walishtuka. Siku hizi wengine wanakuja nazo mkononi.

Majuma machache yaliyopita alikuja mzee wa kanisa mmoja, mmoja wa wale walionitaka nikanushe. Amenikubalia niandike habari hii. "Baba Mchungaji, niombee, usingizi umenikimbia na kichwa kinazunguka." Nikamwuliza swali langu. Akatoka nje, akarudi na mfuko mweusi wa plastiki aliokuwa ameuacha kwenye baiskeli. Ndani kulikuwa na amitriptilini aliyopewa hospitali, kabamazepini aliyoandikiwa mahali pengine kwa maumivu ya uso, dawa ya presha ya kukojoza, tramadoli isiyo na boksi, na chupa ya maji ya mizizi. Hakuna mtu hata mmoja aliyewahi kuviona vyote vitano kwa pamoja.

Tuliomba. Kisha nikachana karatasi katikati ya daftari, nikaandika kila kitu, na saa anazotumia. Jumatatu nilimpakia kwenye pikipiki, karatasi ikiwa kwenye mfuko wa shati lake. Muuguzi alianza kuisoma akiwa amesimama. Alipofika kwenye tramadoli akavuta kiti, akaketi, akamwuliza mzee alianza lini kuinunua.